Je, Wajua? Barakoa Iliyoshikwa kwa Meno

Je, wajua kwamba zamani, kwenye kanivali ya Venice, Italia, baadhi ya wanawake walivaa barakoa nyeusi isiyo na kamba? Iliitwa moretta. Ndani yake palikuwa na kifungo kidogo ambacho mvaaji alikibana kwa meno. Akisema neno tu, inaanguka. Kwangu hiyo ndiyo ya ajabu kuliko zote. Barakoa nyingine, bauta, ilikuwa nyeupe na ilichomoza kidevuni ili mtu ale na kunywa bila kuivua.

Jamhuri ya Venice ilianguka mwaka 1797, na kanivali ikafifia hadi ilipofufuliwa 1979. Mkienda kwenye kanivali hiyo na marafiki, chagueni mapema daraja la kukutania: mkishavaa barakoa, hata rafiki wa utotoni anakupita bila kukujua.