Meseji Inayojibika

Mwezi Novemba, mvua zikikaribia uwanda wa juu wa Ufipa, wauza pembejeo wa Sumbawanga huwa na tangazo moja: mbegu na mbolea zimefika. Wateja wao wametapakaa Laela, Matai, Namanyere, hadi Mtowisa kule chini bondeni. Kuwatumia meseji ni kazi ya dakika chache. Kazi ni kupata majibu yao.

Kwingineko duniani watangazaji wanashindana kwa meseji zenye picha, kadi za kusogeza kwa kidole na vitufe vya kujibu. Mfumo wake, RCS, ulipokelewa na GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, mwaka 2008. iPhone zikaanza kuutumia mwaka 2024. WhatsApp nayo humwezesha mfanyabiashara kuweka vitufe vya majibu chini ya ujumbe. Vinapendeza, lakini vyote vinadai simu janja na bando. Mwenye kitochi haoni hata kimoja.

Huyo ana menyu ya nyota na reli. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, kubonyeza *150*00# na kuchagua namba ni jambo ambalo hata mzee asiyefungua WhatsApp analiweza, bila intaneti. Meseji ya kawaida nayo inaweza kuuliza na kujibiwa. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni ilimtaka mjamzito atume neno MTOTO kwenda 15001, bure. Akishaeleza umri wa mimba, alikuwa akipokea ushauri unaolingana na wiki zake. Hakukuwa na picha, na bado ujumbe ulimhusu yeye hasa.

Tuseme basi duka linaandika: “Mbegu za mahindi zimefika. Jibu 1 tukuwekee mfuko, 2 upate bei, 0 tusikutumie tena.” Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza, meseji iliyotumwa kwa jina la duka badala ya namba haijibiki. Lazima pawe na namba ya kupokelea majibu. Wa pili ni wa herufi. Kiswahili hutoshea vizuri katika herufi 160 za meseji moja, lakini ukiweka kikatuni kimoja cha tabasamu, nafasi inashuka hadi 70. Hata ng’ombe anaweza kukuponza: alama ya ritifaa katika jina lake ikiwa ile iliyopinda, inayowekwa na kompyuta yenyewe, meseji ya herufi 100 inahesabiwa mbili, na gharama inakuwa maradufu kwa kila mteja.

Halafu kuna matapeli. Baada ya miaka ya “ile pesa itume kwenye namba hii”, mkulima ana kila sababu ya kushuku namba ngeni, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kuripoti wizi huo. Kwa hiyo meseji ya duka itaje jina na mtaa lilipo, na isiombe fedha wala namba ya siri.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba iliyoandikwa kwenye daftari la madeni haikutolewa kwa ajili ya matangazo. Anayetaka kuitumia hivyo amwombe mteja ruhusa kwanza, palepale kaunta, na aliyejibu 0 aondolewe kwenye orodha siku hiyohiyo.