Nani Mlinzi wa Maarifa ya Shirika? Funzo la Karafuu ya Pemba

Katika mijadala juu ya uongozi wa mashirika ya umma tumezoea kuuliza nani anashika fedha na nani anashika ghala. Ni mara chache tunauliza nani anashika maarifa. Hili ni kosa la kisiasa, si la kiofisi tu.

Tuchukue karafuu ya Pemba. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao hili. Mwaka 1968 liliundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), nalo ndilo linaloinunua kwa wakulima na kuiuza nje. Sasa, mkarafuu ni mti msumbufu kwa mpangaji wa mipango. Hukaa miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa, huishi miongo mingi, na mavuno yake hayalingani: mwaka mmoja neema, miaka inayofuata haba. Ofisa anayehamishwa baada ya miaka 3 huenda asione hata msimu mmoja mkubwa. Ukifika, atajuaje magunia na majamvi mangapi yatahitajika? Atauliza. Lakini atamwuliza nani?

Maarifa yenyewe yapo, tena mengi. Yamo kwa mchumaji anayejua kuwa tumba huchumwa linapoanza kuwa jekundu, kabla halijafunua. Yamo kwa mama anayechambua karafuu na makonyo, ambaye hakubali karafuu mbichi ilale rundo usiku kucha, kwani huvunda na kukauka ikiwa nyepesi, imepauka. Yamo katika vidole vya mpokeaji wa kituoni, anayeivunja karafuu moja akatambua kama imekauka barabara. Elimu hii haina cheti, ndiyo maana warasimu huidharau.

Basi kiongozi wa maarifa si mtunza mafaili. Kazi yake ni kuketi na watu hao kabla hawajastaafu, kuandika wanayoyajua kwa lugha yao, kisha (na hapa ndipo wengi hushindwa) kuyarudisha kwao na kwa vijana wao. Shirika linalochukua maarifa ya mkulima na kuyafungia kabatini Chake Chake halina tofauti na mlanguzi. Wako wanaosema kompyuta itamaliza kazi hiyo. Kompyuta itahifadhi uzito na bei. Haitakwenda kituoni kuuliza kwa nini karafuu ya hapo hupauka kila msimu.

Kikwazo kikubwa kipo kwingine. Maarifa ni cheo. Anayejua peke yake huheshimiwa na hahamishwi kirahisi; ukimwambia amfundishe kijana, unamwomba atoe silaha yake. Hotuba haitamshawishi. Apewe kijana wa kufuatana naye msimu mzima, na ufundishaji huo uhesabiwe kuwa kazi, ulipwe kama kazi. Makada watakaozuru vituo wasianze na hesabu ya magunia; waulize kwanza kijana huyo yuko wapi.