Friji Haina Kumbukumbu

Wiki moja baada ya sikukuu, familia inarudi Dar es Salaam kutoka kijijini. Friji inanguruma kama kawaida, taa ya ndani inawaka, na jodari kwenye friza ni mgumu kama gogo. Mama mwenye nyumba ananyoosha mkono achukue barafu, mkono unabaki hewani. Aliacha bakuli la vipande vilivyotengana kimoja kimoja. Sasa ni bonge moja, juu laini kama kioo. Chini ya mfuko wa nyama kuna utando mwekundu ulioganda huku ukifuata mteremko wa friza.

Umeme ulikatika wakiwa safarini. Kila kitu kiliyeyuka, umeme ukarudi, kila kitu kikaganda upya. Je, ulikatika kwa muda gani? Friji haijui, na wala haikutengenezwa ijue.

Tatizo huanzia kwenye kile kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 7. Wako wanaoamini kuwa namba hizo ni nyuzijoto, kwa hiyo huweka 2 wakitaka baridi kali. Kwa friji nyingi ni kinyume chake: namba ikipanda, baridi inazidi. Nyuma ya kitufe kuna kijibomba chembamba chenye gesi, ncha yake moja imebanwa kwenye sehemu inayopoza, nyingine inaishia kwenye kiriba kidogo cha chuma. Joto likipanda, gesi inatanuka, kiriba kinavimba na kusukuma swichi. Tak! Kompresa inawaka. Baridi ikitosha, kiriba kinanywea, kompresa inazima. Hiyo ndiyo themostati, na akili yake inaishia kwenye ile ncha. Maziwa yaliyopangwa mlangoni, mahali penye joto kuliko kwingine kote ndani ya friji, haina habari nayo.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika upesi kikae chini ya nyuzijoto 5, na friza huwekwa kwenye 18 chini ya sifuri. Kugusa chupa kwa kiganja hakuwezi kutofautisha 4 na 9, ilhali kwa bakteria tofauti hiyo ni kubwa. Kinachohitajika ni kipimajoto kidogo na glasi ya maji. Glasi iwekwe rafu ya katikati, kipimajoto kizamishwe ndani, kisomwe asubuhi kabla mtu hajafungua mlango kutafuta siagi. Maji ni muhimu hapa, kwa sababu hewa ya friji hupanda joto kila mlango unapofunguliwa, lakini samaki na nyama hawabadiliki haraka hivyo. Wanaotunza chanjo wanalijua hili siku nyingi: friji zao lazima zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8, vipimo huandikwa mara mbili kwa siku, na vihisio vingi huzamishwa kwenye kichupa cha majimaji mazito ili visidanganywe na upepo wa mlango.

Kipimo kikitoka 9 au 10, anaitwa fundi, na si ajabu jibu likawa moja: gesi imeisha. Hapa inafaa kumuuliza swali la pili. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na friji inaweza kuzeeka ikiwa na gesi ileile ya kiwandani. Kama imepungua, pana tundu. Kujaza bila kuziba tundu ni kulipia kazi hiyohiyo tena baada ya miezi michache. Tena friji nyingi mpya hutumia gesi inayoandikwa R600a kwenye kibandiko, nayo inashika moto, kwa hiyo si ya kuchezewa na mtu mwenye tochi ya kuchomelea na haraka zake.

Mara nyingi, hata hivyo, kosa ni dogo zaidi. Noti ikibanwa mlangoni ikachomoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka. Mabomba ya nyuma yakijaa vumbi, au friji ikisukumwa hadi kugusa ukuta, joto halina pa kutokea. Friza ikiwa kali huku sehemu ya chini ina vuguvugu, kwenye friji zile zisizojenga barafu, huenda hita ya kuyeyushia imekufa na barafu imeziba njia ya hewa.

Kuna jambo jingine wanunuzi wa friji za mtumba kutoka Ulaya hawaliangalii. Kibandiko cha ndani huwa na herufi inayoonyesha friji ilitengenezwa kwa chumba chenye joto gani. N ni nyuzijoto 16 hadi 32. T inafika 43. Jiko la Dar es Salaam mwezi wa Februari, wali uko motoni, hupita 32 bila shida. Friji ya N humo inaweza kunguruma usiku na mchana isifike 4, na fundi akabebeshwa lawama isiyo yake.

Basi nani aangalie wakati hakuna mtu? Frijigadi inayochomekwa kwenye soketi ni kifaa kizuri: hukata umeme ukishuka au kupanda mno, na ukirudi husubiri dakika chache ili msukumo wa gesi ndani ya kompresa utulie. Lakini inalinda mashine, hailindi jodari. Siku hizi viko vihisio vinavyotuma ujumbe kwenye simu joto likipanda. Vingi hutegemea intaneti ya nyumbani, na umeme ukikatika kisambaza intaneti nacho kinazima. Kengele inanyamaza saa ileile inapohitajika. Afadhali chenye laini yake ya simu na betri, au kipimajoto cha kawaida kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini kilichofikiwa.

Kumbukumbu hiyo ina thamani kubwa zaidi kwa samaki. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, inayoleta kichwa kuuma, uso kuwaka na mwili kuwasha. Haiondoki kwa kugandishwa wala kwa kuchemshwa, hata mchuzi ungetokota kutwa. Wazo la kwamba “tutamchemsha vizuri” halisaidii kitu hapo.

Umeme ukikatika na mlango ukiachwa umefungwa, friji huhifadhi baridi kama saa 4, friza iliyojaa kama saa 48, iliyojaa nusu 24. Chupa za maji zikijazwa kwenye nafasi tupu zinasaidia. Na kwa asiye na kifaa chochote, kuna kikombe cha maji kilichogandishwa, juu yake sarafu ya shilingi mia. Msafiri akirudi akaikuta juu ya barafu, friza haikuyeyuka. Ikiwa katikati, iliyeyuka nusu. Ikiwa imelala chini kabisa, jodari hana wa kumtetea.