Kiti cha Rais na Anayekikalia

Wengi hudhani kwamba Uganda ilipata Rais siku ile ile ilipopata uhuru. Sivyo. Bendera ya Uingereza iliposhushwa tarehe 9 Oktoba 1962, serikali iliongozwa na Waziri Mkuu, Apollo Milton Obote, na mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Rais hakuwapo Entebbe wala Kampala. Lakini katika milima ya Rwenzori, juu ya Kasese na Bwera, alikuwapo tayari mtu aliyejiita Rais.

Mtu huyo ni Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu. Tarehe 30 Juni 1962, yeye na wenzake waliokataa kuendelea kutawaliwa na ufalme wa Toro walitangaza kwamba Rwenzururu ni nchi inayojitegemea, naye akawa Rais wake. Haukupita muda mrefu, mwaka 1963, akakiacha cheo hicho na kuwa mfalme, Omusinga, kwa jina la Kibanzanga. Alipofariki mwaka 1966, kiti kikarithiwa na mwanawe Charles Mumbere, angali kijana mdogo.

Habari hiyo ya mlimani ni fupi, lakini imebeba swali ambalo Uganda nzima imelipigania kwa miaka mingi. Je, urais ni kiti cha watu wote, kilichowekwa na sheria, au ni mali ya yule anayekikalia?

Cheo chenyewe, kwa namna kijulikanavyo leo, kilianzia Marekani. Waliotunga katiba ya nchi hiyo mwaka 1787 walikuwa wametoka vitani kumpinga mfalme wa Uingereza, nao hawakutaka mfalme mwingine. Hata hivyo walihitaji mtu mmoja wa kuongoza serikali na kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Wakampa madaraka hayo, wakayawekea muda wa miaka minne. Jenerali George Washington, aliyewaongoza vitani, akaapishwa kuwa Rais wa kwanza tarehe 30 Aprili 1789. Baada ya vipindi viwili akaondoka kwa hiari mwaka 1797, akarudi shambani kwake. Wengine wakaifuata desturi hiyo, hadi Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara nne na kufia madarakani mwaka 1945. Mwaka 1951 katiba ikarekebishwa, na tangu hapo hakuna awezaye kuchaguliwa Rais wa Marekani zaidi ya mara mbili.

Si kwamba nchi hiyo haikumwaga damu. Ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865, na Marais wake wanne wameuawa wakiwa madarakani: Lincoln, Garfield, McKinley na Kennedy. Lakini kila alipokufa Rais, Makamu wake aliapishwa, na jeshi likaendelea na kazi yake. Hakuna kikosi kilichotoka kambini kwenda kumchagua mwingine.

Uganda ilimpata Rais wake wa kwanza tarehe 9 Oktoba 1963. Alikuwa Sir Edward Mutesa wa Pili, Kabaka wa Buganda. Urais wake ulikuwa wa heshima. Madaraka ya serikali yalibaki kwa Waziri Mkuu. Hapo mtu mmoja alikalia viti viwili. Novemba 1964, wananchi wa Buyaga na Bugangaizi walipopiga kura kurudi Bunyoro, Rais alitakiwa kuyakubali matokeo hayo, lakini Kabaka hakuweza kukubali kupoteza ardhi ya Buganda. Ugomvi ukakua. Mwaka 1966 Obote aliiweka kando katiba, akajifanya Rais, na tarehe 24 Mei mwaka huo jeshi likaushambulia Lubiri, jumba la Kabaka, chini ya Kanali Idi Amin. Mutesa alikimbia nchi, akafariki London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ikazifuta falme zote na kumwongezea Rais madaraka.

Siku ile bunduki iliionyeshwa njia ya kwenda kwenye kiti cha Rais, na haikuisahau. Tarehe 25 Januari 1971, Amin yule yule akampindua Obote. Aprili 1979 Amin naye akaangushwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Profesa Yusuf Lule akatawala siku 68 tu. Godfrey Binaisa akamfuata, naye hakumaliza mwaka. Ikaja Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga, kisha Obote mara ya pili baada ya uchaguzi wa Desemba 1980. Julai 1985 akapinduliwa tena, na Jenerali Tito Okello akawa mkuu wa nchi, lakini sehemu kubwa ya magharibi ikaangukia mikononi mwa jeshi la NRA. Tarehe 29 Januari 1986 Yoweri Museveni akaapishwa. Polisi aliyeandikishwa Bwera mwaka 1963 na kustaafu mwaka 1986 alikuwa amepokea amri za serikali tisa.

Yafaa kulinganisha mambo mawili. Aprili 1951, Rais Truman wa Marekani alimwondoa Jenerali Douglas MacArthur katika uongozi wa vita vya Korea. MacArthur alikuwa shujaa mwenye sifa kuu. Truman vitani alikuwa kapteni tu. Jenerali alirudi nyumbani, akatoa hotuba yake bungeni, akastaafu. Mei 1980, Rais Binaisa alijaribu kumwondoa Brigedia Oyite Ojok katika ukuu wa utumishi wa jeshi ili ampeleke Algeria kuwa balozi. Aliyeondoka ni Binaisa. Amri zote mbili zilitoka kwa Rais. Tofauti ni kwamba kule askari alikitii kiti bila kumpima anayekikalia; hapa waliokuwa na silaha walimpima kwanza, wakamwona hana nguvu.

Hata hivyo kiti kina nguvu yake, na ushahidi wake uko Kasese. Mwaka 1974 serikali ya Amin iliitenga sehemu hiyo na Toro, ikaifanya wilaya ya pekee kwa jina la Rwenzori, inayoitwa leo Kasese. Amin alikimbia miaka mitano baadaye, lakini wilaya haikukimbia naye. Agosti 1982, baada ya mazungumzo na serikali ya Obote, Mumbere alishuka mlimani na kukabidhi silaha. Obote alipinduliwa, lakini mapatano hayo hayakupinduliwa pamoja naye. Tarehe 19 Oktoba 2009 Rais Museveni alifika Kasese, na serikali ikamtambua Mumbere kuwa Omusinga chini ya katiba.

Haikuwa mwisho wa machungu. Novemba 2016 majeshi ya serikali na walinzi wa Omusinga walipambana mjini Kasese. Watu zaidi ya 100 waliuawa, wakiwamo askari polisi. Mwaka 2023 mashtaka dhidi ya Omusinga yaliondolewa, na Oktoba ya mwaka huo akarudi Kasese. Wajane na yatima wa pande zote mbili wanajua gharama ya viti viwili kugombana kabla ya sheria kusema neno lake.

Katiba ya 1995, Ibara ya 98, inamfanya Rais kuwa mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 208 inalitaka jeshi liwe la kitaifa, lisilo na chama, lenye nidhamu na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 3 inakataza kutwaa madaraka kwa njia isiyo ya kikatiba. Baadhi ya vifungu vimebadilishwa: mwaka 2005 ukomo wa vipindi viwili uliondolewa, na mwaka 2017 Bunge likapitisha kuondoa ukomo wa umri wa miaka 75. Mabadiliko hayo yamebishaniwa sana bungeni, mahakamani na barabarani, na raia wanayo haki ya kuendelea kuyabishania. Kazi ya askari ni kuhakikisha kwamba ubishi huo unamalizwa kwa kura na hukumu, si kwa risasi.

Huko Mpondwe, karibu na Bwera, askari wanalinda mpaka wa Congo usiku na mchana. Mpaka huo ulilindwa zama za Mutesa, za Obote, za Amin na za waliofuata. Novemba 1996 waasi wa ADF waliuvamia, na kuna waliokufa wakiulinda. Waliokufa hawakufa kwa ajili ya jina la mtu mmoja. Walilinda mahali ambapo raia hupita asubuhi kwenda sokoni, yeyote aliye Rais siku hiyo.