Wapangaji Wenye Mashabiki

Nakaa Mbagala Rangi Tatu na ni Yanga damu, kwa hiyo msimu wa 2023/24 nilijiona mtoto wa mjini. Timu ilikuwa ikichezea Azam Complex, Chamazi. Daladala moja tu, unashuka kwenye vumbi, wauza jezi wametandika maturubai kando ya barabara, na mama wa mihogo anakumwagia kachumbari ya pilipili hujamaliza hata kusalimia. Ikafika Novemba 2024. Azam wakatufunga 1-0, siku tano baadaye Tabora United wakatupiga 3-1, na mwezi haukuisha kabla Yanga hawajahamia KMC Complex, Mwenge. Mama wa mihogo hakuna aliyemuaga.

Huko Mwenge tulimkuta Simba, aliyeanza msimu huo hapohapo. Yanga imezaliwa 1935, Simba 1936, na hakuna hata mmoja mwenye uwanja wake wa kuchezea ligi. Mwenye nyumba ni Manispaa ya Kinondoni, yenye timu yake, KMC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2018. Mashabiki wake ukiwapakia kwenye Kosta, konda bado ataita abiria.

Kwa Mkapa, kwetu Temeke, panaingia watu 60,000, lakini ule ni uwanja wa serikali. Mapato ya mlangoni hukatwa kodi, gharama za uwanja na mafungu ya wasimamizi wa soka, ndipo klabu iguse chake. Mechi ya Jumatano na timu ndogo pale ni hasara tupu.

Na asiye na uwanja hana cha kumzuia kuhama. Ihefu wa Mbarali ndio waliotutibulia rekodi ya mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022. Kufikia 2024 wako Singida, wanaitwa Singida Black Stars. Waliokuwa Singida, Fountain Gate, wakaangukia Babati. Nao asili yao ni DTB ya hapa Dar, iliyopanda daraja 2022. Nafasi ya Ligi Kuu inamfuata mwenye fedha. Watu wa Mbarali wamebaki na nyasi.

Huko Marekani tajiri mwenye timu hutisha kwanza: nijengeeni uwanja au naondoka. Jimbo la Nevada mwaka 2023 lilikubali kutoa hadi dola milioni 380 za umma ili timu ya besiboli ya Oakland ihamie Las Vegas. Sisi hatutishwi hivyo, ila fedha ya umma imo vilevile. Viwanja vingi vya mikoani, kama Kirumba na Sokoine, vilijengwa enzi za chama kimoja. Vyama vingi viliporudi 1992, viwanja hivyo vikabaki vya CCM, na ubishi wa nani alichangia saruji haujaisha.

Shemeji yangu ana kibanda Mwenge, analipa ushuru kwa manispaa hiyohiyo. Yeye ni Simba, hajali. Mimi ningependa mkataba wa wapangaji hawa ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, jirani na tangazo la ada ya taka, tuone wanalipa ngapi.