Zege la Kahawa, Ghorofa la Mbao: Karatasi Inayouza Vifaa vya Ujenzi Australia

Kama unauza mtandaoni na umewahi kuandika "rafiki wa mazingira" kwenye posti, kumbuka mara ya mwisho mteja alikuuliza nini. Kwa kawaida anauliza bei, anauliza upo wapi, anauliza kama unatuma mkoani. Basi. Hayo maneno ya mazingira anayapita tu kama hayapo.

Kwenye ujenzi wa Australia hayapitwi tena. Biashara ya vifaa vya ujenzi visivyoharibu mazingira imekua kule, na namna ilivyokua inamhusu hata anayeuza sabuni au viatu. Kwa hiyo leo twende mbali kidogo, twende Melbourne na Sydney, tuone wenzetu wanauzaje.

Kwanza tuelewane kwa nini soko hilo limekua. Usidhani ni kwa sababu Waaustralia wote wameamka asubuhi wakaipenda miti. Sehemu kubwa ni sheria. Nyumba mpya kule inapewa nyota, kuanzia 0 hadi 10, kutegemea inavyotunza joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa jua kali bila kula umeme mwingi. Zamani kiwango cha chini kilikuwa nyota 6. Toleo la 2022 la kanuni za taifa za ujenzi likapandisha kufika 7, na kila jimbo likajipangia tarehe yake. Victoria, jimbo la Melbourne, walianza kulazimisha tarehe 1 Mei 2024. Fikiria wewe ni muuza madirisha au sufi ya kuweka darini kuzuia joto. Nyota moja imeongezwa kwenye karatasi ya serikali, na wewe dukani umepata wateja ambao hukuwatafuta.

New South Wales, jimbo la Sydney, wakaenda mbele zaidi. Tangu 1 Oktoba 2023 anayeomba kibali cha nyumba mpya anatakiwa kueleza pia hewa ya ukaa iliyotoka wakati wa kutengeneza vifaa vyenyewe, yaani tofali, zege na mbao, kabla hata mtu hajahamia. Juu ya hayo yote serikali kuu imeweka lengo la nyumba milioni 1.2 ndani ya miaka mitano kuanzia Julai 2024. Nyumba nyingi, masharti mengi. Hapo ndipo pesa ilipo.

Sasa tuje kwenye bidhaa zenyewe, na nianze na mbao kwa sababu ndizo zinazoshangaza watu. Mwaka 2012 Melbourne ilipata jengo la makazi linaloitwa Forté, ghorofa 10, kuta na sakafu zake za mbao. Siyo mbao za kenchi unazozijua. Ni vibao vilivyopangwa safu juu ya safu, kila safu ikikatisha ile ya chini yake, vikagandishwa kwa gundi mpaka vikawa ubao mmoja mnene kama ukuta. Wakati huo lilikuwa jengo refu la makazi la mbao kuliko yote duniani. Mbao zililetwa kwa meli kutoka Austria! Ndiyo, kutoka Ulaya mpaka Australia, nchi yenye misitu yake.

Lakini jengo moja halitengenezi soko. Mbunifu aliyetaka kuiga ilimbidi athibitishe upya, kwa gharama zake, kwamba jengo halitageuka kuni. Mambo yalifunguka Mei 2016, kanuni za taifa ziliporuhusu majengo ya mbao ya urefu wa hadi mita 25 kwa utaratibu wa kawaida, mradi mbao zikingwe kwa bodi maalumu zisizoshika moto na jengo liwe na mfumo wa kumwaga maji moto ukianza. Tangu hapo maswali ya kila jengo yakawa na majibu yaliyokwisha andikwa. Leo pale jirani na stesheni ya Central, Sydney, kuna mradi wa kampuni ya programu ya Atlassian ulioanza 2022: jengo la ghorofa 39, karibu mita 180 kwenda juu, la mchanganyiko wa mbao, zege, chuma na kioo.

Kwenye zege kuna hadithi ninayoipenda zaidi. Saruji peke yake inachangia takriban 8% ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, kwa hiyo anayepunguza saruji ana kitu cha kuuza. Kampuni ya Wagners ya Toowoomba, Queensland, ilitengeneza zege lisilotumia saruji ya kawaida. Wanatumia majivu ya makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme na masalia ya tanuru za chuma, wakichanganya na kemikali za kuyagandisha. Sasa nani atakubali kuwa wa kwanza kumwaga zege ambalo hajawahi kuliona kwa jirani? Hiyo ndiyo shida ya kila mwenye bidhaa mpya. Wao walikuwa wanajenga uwanja wa ndege wao wenyewe, Wellcamp, uliofunguliwa 2014, basi wakamwaga humo karibu mita za ujazo 40,000 za zege hilo. Tangu hapo akija mteja mwenye wasiwasi anaonyeshwa ndege inavyotembea juu yake. Picha gani ya bidhaa itashinda hiyo?

Na kahawa? Chuo kikuu cha RMIT cha Melbourne mwaka 2023 kilitoa matokeo ya utafiti: masalia ya kahawa yakichomwa bila hewa kwa nyuzi joto 350 hivi yanageuka mkaa mwepesi, na ukiweka mkaa huo badala ya 15% ya mchanga, zege linakuwa imara zaidi kwa karibu 30%. Mabaki mabichi hayafai kabisa, yanadhoofisha zege, usije ukajaribu nyumbani. Baadaye halmashauri ya Macedon Ranges ikakubali kulijaribu kwenye njia ya waenda kwa miguu mjini Gisborne. Ni kipande kidogo tu, watu wanakikanyaga kila siku, na watafiti wanakiangalia.

Umeona mwendo wao? Maabara, kisha kipande cha njia, kisha vipimo. Kutangaza kunakuja baadaye. Na mwisho wa mwendo huo kuna karatasi, ambayo ndiyo hasa nimekuletea leo.

Karatasi hiyo ni tamko la mazingira la bidhaa. Mtengenezaji anaorodhesha kila kitu: malighafi imetoka wapi, umeme kiasi gani umetumika, hewa ya ukaa kiasi gani kwa kila tani au kila mita ya ujazo. Halafu mtu wa nje, asiyelipwa mshahara na kiwanda, anakagua hesabu. Kwa kawaida inadumu miaka mitano, kisha unapima tena. Jengo likitaka kupata alama za Green Star, mfumo unaoendeshwa na Baraza la Majengo ya Kijani la Australia, masharti yanataka hewa ya ukaa ya vifaa na ujenzi ipungue kwa angalau 10% ukilinganisha na jengo la kawaida la aina hiyo. Mkandarasi atafanyaje hesabu hiyo bila namba za muuzaji? Hawezi. Kwa hiyo wauzaji wawili wa zege, bei ileile, ubora uleule, mmoja ana karatasi na mwingine ana maneno matamu, yule wa maneno anaachwa nje ya mlango wala hajui kwa nini simu haiiti.

Wapo wanaoona njia ya mkato: andika tu "kijani", nani atakagua? Tume ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji ya Australia, ACCC, ilikagua tovuti za biashara 247 za kila aina na Machi 2023 ikatangaza kuwa 57% zilikuwa na madai ya mazingira yanayotia shaka. Mfano unaouma zaidi haumo hata kwenye ujenzi, ila sheria ni ileile. Mifuko ya taka ya Glad iliuzwa ikiwa na maandishi kwamba nusu yake ni plastiki ya baharini iliyorejelezwa. Ukweli ni kwamba plastiki hiyo iliokotwa kwenye makazi ya watu Indonesia, sehemu nyingine mpaka kilomita 50 kutoka ufukweni. Mwaka 2025 mahakama iliitoza kampuni inayoiuza, Clorox Australia, dola za Australia milioni 8.25.

Hebu tulia hapo. Plastiki iliokotwa kweli. Ilirejelezwa kweli. Wangeandika hivyohivyo ilivyo, "plastiki iliyookotwa kabla haijafika baharini", wangekuwa na tangazo zuri tu. Walinogesha neno moja.

Kuna hasara nyingine ambayo faini haiipimi. Desemba 2023 Sydney ilifungua bustani mpya ya umma, Rozelle Parklands. Januari 2024 ikafungwa. Mtoto alikuwa amebeba nyumbani kipande cha matandazo, yale mabaki ya mbao yanayomwagwa kuzunguka mimea, na ndani yake kukakutwa asbestosi. Matandazo hayo yalikuwa ya mbao zilizorejelezwa. Wakaguzi walipoyafuatilia kwenye sehemu nyingine, wakakuta asbestosi kwenye zaidi ya maeneo 70, zikiwemo shule. Australia imepiga marufuku asbestosi kabisa tangu mwisho wa 2003, lakini nyumba za zamani bado zinayo, na zikibomolewa hovyo inaingia kwenye kila kitu. Neno "imerejelezwa" halikumlinda mtu yeyote pale. Kilichokuwa kinatakiwa ni kujua mbao zimetoka jengo gani na nani amezichambua.

Na wenye stoo iliyojaa? Meza za jikoni za jiwe bandia zilikuwa zinauzika sana, nzuri, bei nafuu. Baadhi ya mawe hayo yana silika zaidi ya 90%, na fundi akilikata bila maji na bila kinga anavuta vumbi linalotia makovu kwenye mapafu. Vijana wakaanza kuugua. Bunnings, duka kubwa la vifaa vya ujenzi nchini humo, wakatangaza kuliacha kabla serikali haijasema. Tarehe 1 Julai 2024 Australia ikawa nchi ya kwanza duniani kulipiga marufuku: hakuna kutengeneza, kuuza wala kufunga. Waliokuwa wanasoma habari za afya za biashara yao walishahamia kwenye vigae vikubwa vya kauri na mbao, na kwenye mawe mapya ya vioo vilivyorejelezwa. Wengine walibaki na mzigo usiouzika.

Turudi kwa wadogo wenzetu, maana siyo kila mtu ana uwanja wa ndege. Kule kuna wauza vifaa vya kubomolewa: matofali ya zamani, milango, mbao ngumu za jarrah na ironbark zilizotolewa kwenye magati na maghala ya zamani. Wengi wanauza Gumtree na Facebook, kama wewe tu. Ukisoma tangazo la muuzaji mzuri unajifunza mengi. Anakwambia matofali yalijengewa chokaa, kwa hiyo yanasafishika kirahisi, kwa sababu yaliyojengewa saruji yanavunjika ukiyagonga. Anakwambia ni mangapi, yatatosha mita ngapi za mraba, mangapi yana kona iliyomeguka. Kwenye mbao anataja aina, urefu, kama misumari imeng'olewa, na kama kuna rangi ya zamani, kwa sababu rangi za nyumba za kabla ya 1970 mara nyingi zina risasi. Bei iko hapohapo. Sisi huku bado tuko na "bei njoo inboksi", sijui tutaiacha lini.

Hilo halihitaji mthibitishaji wa kulipwa wala maabara. Chukua mtu anayetengeneza stuli kwa mbao za paleti. Paleti iliyosafiri kimataifa ina muhuri uliochomwa au kupigwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto. MB maana yake zilifukizwa kwa dawa ya methili bromidi, na hizo usizilete sebuleni kwa mteja. Isiyo na muhuri kabisa huijui ilikopita. Wauzaji wengi wanaikwangua alama hiyo ili stuli iwe laini. Iache, ipige picha. Halafu andika hivi:

"Stuli ya mbao za paleti, urefu sm 45, inabeba mtu mzima. Mbao zilitibiwa kwa joto, muhuri wa HT uko chini ya kiti, tazama picha ya 2. Misumari ya zamani imeng'olewa, matundu 6 yanaonekana, picha ya 3. Miguu ni mbao mpya. Imepakwa vanishi mara mbili, haifai kukaa kwenye mvua. Ziko 4, moja ina ufa mdogo na bei yake imepungua. Bei zote zimeandikwa kwenye picha."