Masikio ya Askari na Haki ya Rufani

Mzinga hunyamaza, lakini masikio ya askari huendelea kuvuma. Nchini Marekani mvumo huo ndio ulemavu unaolipwa fidia kwa askari wastaafu wengi kuliko mwingine wowote. Hata hivyo, wako wanaokataliwa.

Aliyekataliwa asikate tamaa. Kwa utaratibu ulioanza Februari 2019, njia ziko tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa mwandamizi alipitie jalada, au kukata rufani katika Baraza. Akichukua hatua kabla ya mwaka mmoja tangu tarehe ya uamuzi, hulinda malipo yake ya tangu ombi la kwanza.

Yapasa kuthibitisha mambo matatu: ugonjwa upo leo, kelele zilimpata kazini, na hayo mawili yanahusiana. Hapo la tatu ndipo wengi hukwama, hivyo maelezo ya daktari ni muhimu. Kupimwa mzima siku ya kuondoka jeshini si kikwazo. Mahakama iliamua hivyo mwaka 1993. Na kwa kuwa mvumo husikiwa na mgonjwa peke yake, kauli yake ina uzito.

Nawe mke wa askari, andika tangu lini mumeo anakuomba urudie maneno. Ushahidi wako nao hupokelewa.